UZI: Kazi gani ya mkono wako huwezi kuisahau? (Na mlango wangu umetoka madoa meusi, nisaidieni)

#1 PatasiKibokoni
Assalaam aleykum mafundi.

Jana nilipita Ndia Kuu, Mji wa Kale Mombasa, nikauona mlango nilioutengeneza miaka minne iliyopita. Nikasimama nikautazama mpaka mwenye duka la pili akaniuliza kama nimepotea. Ni mlango wa mti mgumu wa mbambakofi, mbao mbili, na mfaa, yaani mti unaosimama katikati yake, nimeuchonga maua kutoka juu hadi chini. Mfaa ule niliuchonga mara mbili. Wa kwanza ulipasuka nikiwa nimebakisha shubiri moja kumaliza, nikauweka kando, nikanunua ubao mwingine kwa pesa zangu. Kwa hivyo faida haikuwepo. Nimejenga makabati ya jikoni kule Nyali yaliyonilipa mara tatu ya mlango ule, na leo ukiniuliza yalikuwa na droo ngapi sijui.

Ndiyo nasema: kazi fundi anayoipenda kuliko zote kamwe haiwi ile iliyomlipa. Nipingeni, na mlete zenu.

La pili, na hili linaniuma. Nilipousogelea niliona vichwa vingi vya misumari vimezungukwa na duara jeusi, na chini ya duara mstari unateremka kama wanja wa mtu aliyelia. Misumari niliuziwa kama ya shaba. Iko 48. Ni nini?

#2 GetiNaGrili
Waaleykum salaam. La kwanza nakupinga. Kazi ninayoipenda mimi ilinilipa vizuri na kwa wakati. Ni ngazi ya mzunguko ya chuma, Tudor, nyumba nyembamba ambayo ngazi ya saruji isingeingia. Vidato 14 kuzunguka bomba moja. Nilikata vyote kwa kipande kimoja cha kadibodi nilichopimia sakafuni kwa chaki, na kidato cha mwisho kilipokaa sawa na sakafu ya juu bila kutia hata kipande cha bati, nilikaa pale juu nikala chakula changu cha mchana. Mwenye nyumba alinilipa siku hiyohiyo. Mapenzi na pesa vyaweza kulala chumba kimoja.

La madoa: hewa ya bahari. Mji wa Kale chumvi iko hewani saa zote. Hakuna zaidi.

#3 DadaChuma
Hodi jamani. Mimi ni mchomeleaji, Mikindani.

Yangu ni baiskeli ya miguu mitatu ya pedali za mkono. Nilimtengenezea kijana wa jirani yetu ambaye miguu yake haifanyi kazi. Mirija ya inchi moja, magurudumu mawili ya nyuma ya inchi 26, la mbele nilitoa kwenye baiskeli ya mtoto. Nilipomkabidhi alishukuru, akazunguka uwanjani mara moja, akashuka. Siku tatu sikumwona akiitumia. Nikamwendea. Hakutaka kunivunja moyo, lakini nilipomkalisha na kumwangalia akizungusha nikaona: kila pedali ikifika juu, viwiko vyake vinapita usawa wa mabega. Mimi nilipima kiti, nikapima urefu wa miguu ambayo haitumii, mkono wake sikuupima.

Nilikata nguzo ya pedali sentimita 11, nikaisogeza karibu na kifua. Sasa anauza kadi za simu na maji pale stendi, na jioni anakuja nyumbani mwenyewe kupanda kile kilima. Hiyo ndiyo kazi yangu. Malipo yalikuwa chuma tu, na hata hicho kwa awamu. Kwa hivyo niko na #1.

#4 NahodhaMtongwe
#2, chumvi si jawabu. Mimi maisha yangu yote ni vyombo vya baharini. Chumvi ingekuwa peke yake ndiyo inayotia weusi, mashua zote zingekuwa nyeusi kama chungu. Msumari wa chuma ukiupigilia mtupu kwenye mbao ngumu, mbao na chuma hugombana. Sisi hutoboa kwanza kwa keekee, kisha msumari twauzungushia pamba iliyolowa mafuta ya papa, ndipo twaupigilia. Pamba hujaza shimo, mafuta huzuia maji. Mwanangu wa #1, wewe uliipigilia mikavu.

#5 PatasiKibokoni
Ni kweli mzee wangu, mikavu. Lakini shaba nayo hugombana na mbao?

#6 MwalimuKemia
Hapo ndipo pa kuanzia. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikizeeka huwa kahawia au hutoka ukijani, si weusi wa wanja. Weusi wa wanja ni kazi ya chuma kukutana na tanini, ile asidi iliyomo kwenye mbao na magome mengi. Wazee walikuwa wakiloweka ngozi na nyavu kwenye maji ya gome la mkandaa, na kilichokuwa kikifanya kazi ni hiyohiyo tanini. Ukiitia chuma hugeuka nyeusi. Wino wa kuandikia wa zamani ulipikwa hivyo.

Kwa hivyo swali langu kwako ni moja: una uhakika ni shaba? Chukua sumaku.

#7 MchongajiChangamwe
Sumaku hiyo hata mimi ningeishauri.

Nijibu la kwanza. Mimi ni mchongaji, na babu yangu alikuwa mchongaji. Sisi Wakamba hatukuzaliwa na kazi hii kama watu wanavyodhani. Inasimuliwa kwetu kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliipata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi nayo nyumbani, ikatoka kwake ikaenda kwa ndugu na majirani mpaka ikafika huku Pwani.

Kazi ninayoipenda si twiga wala Mmasai. Ni bakuli la mpingo, dogo, la kiganja. Mpingo ni mzito hata ukiutia majini unazama, na kipande kile nilikipata kimepasuka upande mmoja, wenzangu walitaka kukitupa. Nikaufuata ule ufa. Nikauacha uwe mdomo wa bakuli, hapo palipovunjika ndipo pa kumiminia. Nililisugua kwa msasa mpaka wa mwisho kabisa, kisha kwa jani kavu, kisha kwa nta ya nyuki. Mtalii alitaka kulinunua mara tatu. Liko kwangu, mke wangu anawekea pete akikanda unga.

Siku hizi mpingo ni wa kutafuta, tunachonga sana mwarubaini na mwembe. Mwarubaini ni mzuri, lakini hauishi mkononi vile mpingo unavyoishi.

#8 GetiNaGrili
@Mchongaji bakuli hilo tutumie picha. @Nahodha nimekubali nusu, chumvi si peke yake. Lakini bila chumvi msumari huo ungechukua miaka kumi kufanya hivyo, si minne.

#9 PatasiKibokoni
Nimetoka huko sasa hivi. Wallahi nimeumia. Nimeipitia yote 48 na sumaku ya spika mbovu. Misumari 31 imenasa. Ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Niliyenunua kwake alinifungulia boksi, nikaona zinang'aa, nikalipa bei ya shaba. Sitamtaja, ni mtu tunayeswali naye, nitamwendea mwenyewe.

Lakini sikilizeni: katika ile 17 isiyonasa, mitano nayo ina duara jeusi. Mwalimu, hiyo vipi?

#10 MwalimuKemia
Hiyo mitano iko wapi mlangoni? Kama iko chini ya ile ya chuma, basi maji ya mvua yameteremsha kutu.

#11 PatasiKibokoni
Mitatu iko chini, sawa. Miwili iko safu ya juu kabisa, juu yake ni mbao tupu.

#12 BiMajengo
Mimi si fundi, ila nina mlango wa zamani wa marehemu babangu na kila Alhamisi huoshwa ndiyo Ijumaa ikute nyumba safi. Muulize mwenye nyumba wako anauosha kwa kitu gani. Msichana wangu aliwahi kuuosha kwa maji ya dawa ya kung'arisha nguo, akitaka unukie. Kesho yake mbao imekwajuka na misumari imechafuka, na hiyo ni shaba ya kweli ya zamani. Dawa ile inakula kila kitu.

#13 MwalimuKemia
Bi, umesema jambo kubwa. Klorini iliyomo kwenye dawa hiyo huharakisha kutu kama chumvi ifanyavyo, maana chumvi yenyewe ni klorini na sodiamu. Hapo GetiNaGrili anapata nusu yake nyingine.

#14 GetiNaGrili
Nimeipokea nusu yangu 😄

#15 RandaNaTezo
Mnamwacha mbambakofi mwenyewe. Mti huu ukiloa hutoa maji ya manjano, weka kitambaa cheupe utaona. Una rangi yake ndani. Mimi naona ile miwili ya juu ni rangi ya mti imetoka kwa sababu ubao haukukauka sawasawa. Patasi, ubao uliukausha muda gani?

#16 PatasiKibokoni
Miezi mitano, umeegemezwa ukutani kivulini. Mfaa wa pili ndio niliupata haraka, wiki sita tu. Lakini mfaa hauna madoa.

#17 RandaNaTezo
Miezi mitano kwa ubao wa inchi mbili ni michache. Wazee walihesabu mwaka kwa inchi moja.

Yangu ni roshani moja Mji wa Kale. Niliitwa kubadilisha yote, mwenye nyumba ameshakata tamaa. Nikaomba siku mbili za kuigonga tu. Nikaipitia kwa mpini wa bisibisi, kila nguzo, nasikiliza. Mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Kumbe ubovu wote ulikuwa chini, pale maji yanapokaa. Juu msaji mzima kabisa. Nilipochomoa kiungo cha kwanza, ndani ya tundu nikakuta mikato mitatu ya patasi. Kiungo cha jirani minne. Ni fundi aliyetangulia alihesabu viungo vyake ili visichanganyike akivipandisha juu, na mikato ile ilikuwa imefichwa gizani tangu siku hiyo. Nilipotia vipande vipya nami nikaendeleza hesabu yake. Alikomea 22, vyangu vinaanzia 23. Mwenye nyumba hajui mpaka leo.

#18 DadaChuma
@RandaNaTezo hii ya 23 imenigusa. Asante.

#19 NahodhaMtongwe
Wazee hawakuwa na namba za rangi. Sisi mataruma ya chombo, yaani mbavu zake, tulikuwa twayatia alama hivyohivyo.

#20 MhunziBondeni
Nimechelewa. Salaam kwenu.

Nyote mmeleta vitu vikubwa, milango, roshani, ngazi. Mimi kazi yangu bora ni mbuzi ya kukunia nazi. Msicheke. Mama yangu alikuwa akikuna nazi nne kila alfajiri za kupikia mahamri na mbaazi za kuuza, na mbuzi alizonunua sokoni meno yalikuwa butu kila miezi miwili. Ni bati tu zile. Nikachukua springi ya lori, chuma chenye kaboni nyingi. Nikaipasha motoni, nikaifua ikawa ulimi, nikaipinda kidogo mbele, nikachonga meno kwa tupa ikiwa bado laini, jino kwa jino. Kisha nikaipasha tena mpaka wekundu wa pilipili mbivu na kuitia kwenye mafuta. Hapo inakuwa ngumu lakini ni ngumu ya kioo, ukiiangusha inavunjika. Ndiyo unaisugua ing'ae, unairudisha motoni polepole kutoka nyuma, na unakodoa macho. Rangi inapanda yenyewe juu ya chuma: kwanza manjano ya kuti kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Mimi nilitaka kuti kavu kwenye meno na buluu nyuma panapofungwa kwenye kibao. Ukichelewa pumzi mbili umeharibu.

Kibao nilikifanya cha mwarubaini, cha kukunja. Mama aliitumia miaka tisa. Amefariki, dada yangu anaitumia, na meno nimeyapitia tupa mara moja tu.

#21 BiMajengo
Maashallah. Mungu amrehemu mama. Mhunzi, kama hiyo mtu anaipata kwa bei gani?

#22 GetiNaGrili
@Mhunzi nakuvulia kofia. Kwa heshima yote, hapa mjini kazi kubwa ya chuma bado ni zile sanamu za pembe za ndovu zinazopishana juu ya Moi Avenue. Kila ninapopita naangalia viungo. Ni bati la alumini limepindwa pande zote mbili, na hakuna mtu anayefanya upindaji kama ule sasa. Zilitengenezwa 1952 Malkia Elizabeth alipokuja Mombasa.

#23 MwalimuKemia
Hakufika Mombasa mwaka huo. Alikuwa Kenya babake alipofariki tarehe 6 Februari 1952, akarudi kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Meli ya Gothic ilikuwa hapa ikimngoja, akaiacha. Aliyekuja ni mdogo wake, Margaret, 1956.

#24 GetiNaGrili
Mwalimu, kutofika hakuzuii watu kumjengea. Walijenga wakimngojea.

#25 MchongajiChangamwe
Mzee mmoja wa kwetu alikuwa akisema za kwanza zilikuwa za mbao na turubai, halafu ndiyo zikaja za alumini. Kama ni hivyo nyote wawili mko sawa, na za kwanza ni za sisi watu wa mbao 😄

#26 NahodhaMtongwe
Mie niliambiwa ni herufi M ya Mombasa tu, wala hakuna malkia.

#27 RandaNaTezo
Turudini mlangoni tafadhali, ndugu yetu ana shida. Patasi, madoa yenyewe yatoe kwa asidi ya oksaliki. Changanya na maji ya vuguvugu, paka kwa brashi, acha ikauke, osha vizuri. Ni sumu, vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Nilisafisha kasha la mvule hivyo, weusi ulitoka wote.

#28 MhunziBondeni
Kwa kasha dogo mimi hutumia ndimu na chumvi. Si nguvu kama hiyo lakini haimuui mtu.

#29 MwalimuKemia
Ndimu husaidia doa jipya, chumvi kaitoe humo, tumeshaona kazi yake. La miaka minne litahitaji oksaliki. Lakini ukisafisha na misumari ya chuma ikabaki, mvua za masika zijazo tutaufungua uzi huu tena. Toa ile 31 kwanza.

#30 DadaChuma
Na wewe Patasi ukiikata kwa grinda misumari iliyopakwa, fungua madirisha na vaa barakoa. Sijui wamepaka nini. Nilichomelea bomba la mabati siku nzima ndani ya stoo, usiku nikashikwa na homa na kutetemeka kama malaria. Kumbe ni moshi wa zinki. Watu wakaniambia ninywe maziwa.

#31 GetiNaGrili
Maziwa ni dawa, sote tunakunywa.

#32 MwalimuKemia
Maziwa yanaingia tumboni, moshi uliingia mapafuni. Homa ile huondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana maziwa yanapata sifa. Dawa ni kusaga mpako wa zinki pale unapochomelea na kufanyia kazi nje penye upepo.

#33 GetiNaGrili
Miaka 18 ya maziwa mwalimu, na niko hai.

#34 PatasiKibokoni
Nimerudi. Mwenye nyumba ameniruhusu, na nimemwuliza la Bi Majengo: unaoshwa kwa maji na sabuni ya kipande tu, dawa haijaugusa. Hilo limeondoka.

Nimechomoa msumari mmoja wa ile miwili ya juu. Niliupasha kichwa kidogo, nikauvuta kwa koleo taratibu nisiuchane mti. Umetoka mzima. Nimeukwaruza kwa tupa kutoka kichwa hadi ncha: ni shaba yote, manjano mpaka ndani, sumaku haiutaki kabisa. Na tundu lake ndani ni jeusi tii, urefu wa kidole.

Sasa mniambie.

#35 RandaNaTezo
Ubao haukukauka. Nilisema.

#36 MwalimuKemia
Ulitoboa kwanza kwa kitu gani? Kama kekee yako ilikuwa na kutu, au ncha ilivunjikia ndani, chuma kimebaki shimoni.

#37 PatasiKibokoni
Nilitoboa kwa drili, ncha mpya. Haikuvunjika ninavyokumbuka. Ila nyundo niliyopigilia ni ya chuma, bila kuweka kipande cha mbao juu.

#38 NahodhaMtongwe
Tundu usilizibe bado. Msumari huo uweke kwenye karatasi, usiufute. Kesho mie niko Kibokoni kwa harusi, nitapita saa kumi na sindano na kitambaa cheupe tuchokonoe chini ya tundu tuone kama kinatoka unga wa kutu au maji ya mti. Pamba na mafuta ya papa nitakuja navyo kwa ajili ya ile mipya.

#39 PatasiKibokoni
Karibu sana mzee. Kahawa itakuwepo, na halwa.

#40 MhunziBondeni
@BiMajengo samahani nilikuona sasa. Bei tutaelewana. Springi ninayo, kibao nitahitaji kipimo: ukikaa unakunja miguu au unainyoosha?

#41 BiMajengo
Nainyoosha, mwanangu. Magoti hayataki tena.